Majibu Kumi na Mawili ya Namba Kumi na Saba

Karatasi zilikuwa sita, zimebanwa kwa pini moja, na Inspekta alizisoma akiwa amesimama kwa sababu kiti pekee cha wageni katika ofisi ya takwimu kilikuwa kimelemewa na mafaili. Juu ya kila karatasi paliandikwa "Namba 17". Chini yake zilifuata tarehe, na mbele ya kila tarehe maswali manne yaleyale. Umetumia saa ngapi mtandaoni? Umelala saa ngapi? Umekula mara ngapi? Leo umeongea na mtu yeyote kwa sauti?

Namba 17 alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameketi mbele ya ubao wa simu wa ofisi moja kubwa, akiwaunganisha watu na watu, mpaka ilipoletwa mashine ya kuifanya kazi hiyo bila yeye. Mtaani kwake walimwita Opereta. Jumatatu mwenye nyumba alivunja mlango wa chumba chake kwa sababu ya harufu. Daktari wa maiti alimtazama, akasema kiharusi, na kwamba amekufa siku kumi zilizopita, pengine zaidi.

Lakini kwa mujibu wa karatasi hizi, Opereta alikuwa amejibu maswali yote manne kila jioni saa moja, bila kuruka hata siku moja, hadi Jumapili, siku moja kabla mlango haujavunjwa.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," alisema Koplo kutoka mlangoni. Alikuwa mtu mnene, wa makamo, na alikuwa ameegemea fremu kwa bega moja. "Huyu hayupo, Afande, na lake lipo kila jioni."

Inspekta hakucheka. Alimgeukia karani wa takwimu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Nani anaweza kuingiza majibu kwenye mfumo huu?"

"Mshiriki mwenyewe. Kila mmoja tulimpa simu ya utafiti."

"Mwingine?"

"Mimi, na daktari mkuu. Lakini tukiingiza kwa mkono, mfumo unaweka nyota pembeni."

"Hapa sioni nyota."

"Hakuna."

"Nyota inafutika?"

Karani alifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Anayejua anaweza kuifuta."

"Wewe unajua?"

"Mimi ndiye niliyeiweka."

Inspekta aliinua mafaili kutoka kwenye kiti, akayaweka sakafuni, akaketi. Sasa macho yao yalikuwa sawa.

"Umewahi kumjibia mtu?"

"Hapana."

"Nimeuliza taratibu ili ujibu taratibu."

"Mara moja," alisema karani. "Namba 40. Alikuwa safarini, simu yake ikaharibika, akanipigia akanitajia majibu ya siku mbili kwa mdomo. Nikayaandika. Nyota nikaifuta, kwa sababu daktari mkuu nyota zinamkera."

"Mlianza na washiriki wangapi?"

"Sitini."

"Leo?"

"Hamsini."

"Wakishuka chini ya hapo?"

"Kamati ya maadili inaufunga utafiti. Kazi ya mwaka mzima inatupwa."

"Hao hamsini, Opereta yumo?"

"Yumo," alisema karani, na sauti yake ilishuka. "Lakini sikumjibia, Inspekta. Yalikuja yenyewe, kutoka kwenye simu yake."

"Simu yake tuliikuta chini ya kabati, imezima. Ilizima siku nyingi. Simu iliyozima inajibuje?"

Koplo aliandika namba ya kitambulisho cha karani kwenye daftari, akamwambia asitoke mjini.

*

Daktari mkuu aliwapokea ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye dirisha lililotazama wadi ya wagonjwa wa akili. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi za mapema. Aliwakaribisha viti, yeye akabaki wima.

"Nieleze mnachokitafuta kwa lugha ya mtu aliyeishia sekondari," alisema Inspekta.

"Watu wanakuja hapa, au wanaletwa na ndugu zao, kwa sababu hawatoki mtandaoni. Saa kumi, saa kumi na nne kwa siku. Kazi imeondoka, ndoa imeondoka. Ukiwapima, wengi wana ugonjwa mwingine chini yake. Sonona, au hofu ya watu. Swali letu ni kipi kilitangulia. Je, mtandao ndio uliowatia ugonjwa, au waliukimbilia mtandao kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa na hapakuwa na mlango mwingine?"

"Na mnajuaje?"

"Tuliwagawa kwa kura. Kundi la kwanza, muuguzi anampigia kila mtu simu siku za kazi, dakika tano. Anamuuliza yale maswali manne kwa sauti, kisha wanaongea lolote. Kundi la pili hawapigiwi. Wanajaza majibu kwenye simu, basi. Tunataka kuona kama dakika tano za binadamu zinapunguza kitu."

"Opereta alikuwa kundi gani?"

"La pili."

Daktari mkuu alivuta droo, akatoa barua tatu za mwandiko wa mkono, ulionyooka kama wa mwalimu. Wiki ya kwanza: Opereta anaomba, ikiwezekana, ahamishiwe kundi la kupigiwa. Wiki ya pili: anaomba tena, na anaahidi hatazidisha dakika tano. Barua ya tatu ilikuwa na mstari mmoja tu: Hata dakika mbili zinatosha.

"Mlimjibu nini?"

"Kwamba kura ni kura. Nikimhurumia mmoja, utafiti unakufa." Alizirudisha barua kwenye droo. "Baada ya hapo hakuomba tena. Na cha ajabu, kuanzia wiki ya nne saa zake zilianza kushuka. Kutoka kumi na nne mpaka tisa. Hakuna mwingine katika kundi la pili aliyeshuka hivyo. Tulikuwa hatuelewi."

Inspekta alizitandaza zile karatasi sita mezani, akaanza kushuka na penseli kwenye swali la nne. Leo umeongea na mtu yeyote kwa sauti? Wiki tatu za mwanzo: Hapana, Hapana, Hapana, mpaka mwisho wa ukurasa. Kuanzia wiki ya nne: Ndiyo, mara tano mfululizo. Kisha Hapana mbili. Kisha Ndiyo tano.

"Siku za kazi anaongea," alisema. "Jumamosi na Jumapili haongei. Miezi miwili na zaidi, hivyo hivyo."

Koplo aliinama akatazama. "Halafu hapa?"

Penseli ilikuwa imefika kwenye majibu kumi na mawili ya mwisho. Yote yalikuwa Ndiyo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo.

"Hapa," alisema Inspekta, "anajibu mtu mwingine."

*

Chumba cha Opereta kilikuwa ghorofa ya kwanza, na dirisha lake lilitazama ukuta wa nyumba ya pili, hatua tatu mbele. Dirisha lilikuwa wazi tangu Jumatatu, lakini harufu ilikuwa bado imeshika mapazia. Kulikuwa na sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja. Kompyuta ilikuwa imepelekwa maabara ya polisi, na mahali ilipokuwa meza ilibaki na mraba usio na vumbi. Mto wa kiti chake ulikuwa umebonyea na kubaki na chapa ya mtu aliyeukalia.

Koplo alikwenda maabara kuulizia ile simu. Inspekta alibisha mlango wa jirani.

Jirani alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, na alifungua akiwa na shuka begani.

"Samahani kukuamsha, kaka. Ulikuwa unamfahamu?"

"Salamu tu kwenye ngazi. Marehemu alikuwa mpole."

"Alikuwa na wageni?"

"Sijawahi kumwona mgeni. Lakini asubuhi alikuwa anaongea. Mimi ndio nimeweka kichwa kwenye mto, namsikia. Anaongea, anacheka, halafu kimya siku nzima. Nilidhani ana redio."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Ungeweza kurekebisha saa kwa sauti yake."

"Jumamosi?"

"Jumamosi nalala vizuri."

Inspekta aliandika. "Mara ya mwisho kusikia chochote?"

Mlinzi alikuna shingo. "Kuna asubuhi moja, wiki iliyopita… hapana, ile ya kabla yake. Alhamisi, maana ndiyo siku tuliyobadilishiwa zamu. Simu yake iliita, ikaita, haipokelewi. Ikakata. Ikaita tena. Mimi nina usingizi wa zamu mbili. Nikagonga ukuta, kumwambia aizime."

"Ikanyamaza?"

"Ilikata yenyewe. Ila na yeye aligonga. Mara moja, chini chini hivi, karibu na sakafu. Nikasema kumbe yupo, amekasirika. Nikalala."

Inspekta aliacha kuandika. Mlinzi alimtazama, akautazama ukuta, kisha akamtazama tena.

"Hakuwa amekasirika," alisema mlinzi.

"Asante, kaka. Nitarudi kuchukua maelezo yako kwa maandishi."

Alikuwa bado kwenye ngazi Koplo alipompigia.

"Wameichaji, imewaka," alisema Koplo. "Karatasi ya namba nyuma yake imebanduliwa, imebaki gundi. Ina simu nne ambazo hazikupokelewa. Jumatano saa nne asubuhi, Alhamisi saa nne mara mbili, Ijumaa saa nne. Baada ya hapo chaji ikaisha. Zote zimetoka kwenye namba moja, Afande. Nimeipiga. Ni hospitali. Chumba cha simu cha utafiti."

"Opereta yuko kundi la wasiopigiwa."

"Ndiyo maana nimekupigia nikiwa nimesimama."

*

Chumba cha simu cha utafiti kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye korido kwa ubao mwembamba. Ndani mlikuwa na meza, simu, saa ya ukutani, na muuguzi wa miaka arobaini hivi mwenye koti la sufi juu ya sare. Alikuwa na orodha ya namba mbele yake. Haikuwa na majina wala umri.

"Ndivyo tulivyoagizwa," alisema. "Nisimpendelee mtu. Napewa namba ya mshiriki na namba ya simu yake tu."

"Sista, saa nne kamili unampigia nani?"

"Namba 22."

Inspekta aliweka karatasi mezani, yenye namba ya simu iliyokutwa chini ya kabati. Muuguzi aliilinganisha na orodha yake, tarakimu kwa tarakimu.

"Ndiyo hii. Ishirini na mbili."

"Niambie habari zake."

Kwa mara ya kwanza muuguzi alitabasamu. "Wiki tatu za kwanza alikuwa ananong'ona. Ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, na mara nyingine nasikia kama anataka kutapika. Halafu ghafla akafunguka. Niliandika kwenye ripoti: maendeleo makubwa. Akipokea tu anasema, 'Nakusikiliza, usikate.' Ananitajia majibu manne harakaharaka kama anayesoma kwenye karatasi, halafu anasema, 'Hayo yamekwisha, sasa habari yako wewe.' Napiga simu thelathini kwa siku, Inspekta. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza kama nimekula."

Inspekta aliandika hayo kwenye daftari.

"Halafu Jumatano hiyo hakupokea," muuguzi aliendelea. "Alhamisi nikapiga mara mbili. Sheria yetu ni kwamba asipopokea siku mbili, natoa taarifa. Nikatoa palepale. Karani akaenda nyumbani kwa namba 22 mchana uleule."

"Akamkuta?"

"Akamkuta mzima. Alimwona kwa macho yake, sura ni ileile ya kwenye fomu. Hataki kuongea tu. Nikaambiwa niendelee kupiga mara moja kwa siku, nisimsumbue. Ijumaa iliita. Kuanzia Jumatatu haipatikani." Alivuta koti lake. "Nilidhani nimemuudhi."

Inspekta alitazama ile orodha kwa muda. Mtu wa kundi lisilopigiwa alikuwa na simu ya kundi linalopigiwa. Kwa hiyo simu yake yeye ilikuwa mahali pengine, na huko ilikuwa ikijibu kila jioni saa moja.

"Sista, walibadilishana," alisema. "Uliyekuwa ukiongea naye siye aliyeandikwa kwenye fomu. Na karani alibisha mlango wa aliyeandikwa kwenye fomu."

Muuguzi alichukua kalamu na kuiweka tena mahali pale pale.

Kwenye korido walimkuta karani ameketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Inspekta alimwambia yuko huru kurudi kazini. Karani alishukuru. Hakuinuka; kupitia ule ubao alikuwa amesikia yote.

*

Namba 22 alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Aliishi na shangazi yake, fundi wa nguo, ambaye cherehani yake ilikuwa sebuleni karibu na mlango. Shangazi alisimamisha gurudumu kwa kiganja walipoingia.

"Mmekuja kwa ajili yake? Mtapata tabu. Haongei na mgeni. Hata mimi siku nyingine ananiandikia karatasi anaipitisha chini ya mlango, na mimi kusoma kwenyewe nilisoma mpaka darasa la nne. Basi tunaelewana hivyohivyo."

"Anatoka?"

"Hospitali tu, siku ya vipimo. Na siku hiyo namshika mkono mpaka getini."

Inspekta alimwacha Koplo sebuleni, akaketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani kando ya mlango wa binti. Alijitambulisha. Alirarua karatasi kwenye daftari, akaandika: *Unaweza kuniandikia. Nina muda.* Akaisukuma chini ya mlango pamoja na kalamu.

Kwa dakika kumi lilisikika gurudumu la cherehani tu. Kisha karatasi ikarudi.

*Ni kuhusu simu?*

*Ndiyo. Mlibadilishana lini?*

*Wiki ya tatu, siku ya vipimo. Tulikuwa kwenye benchi moja. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu ya kupigiwa. Kila asubuhi kabla ya saa nne nilikuwa natapika. Akaniuliza, nikamwandikia. Akasema, mwanangu, wewe unaikimbia, mimi naitafuta, hebu ilete hapa. Tukabandua namba.*

*Na majibu?*

*Tulikubaliana tusidanganye. Kila jioni aliniandikia majibu yake mtandaoni, ya kweli, mimi nayajaza. Na mimi nampa yangu ayaseme asubuhi. Halafu tunaandikiana mpaka usingizi unanishika.*

*Mlionana mara ngapi?*

*Mara moja. Ile.*

Inspekta alichukua karatasi nyingine. *Jumatano aliacha kukuandikia.*

Kalamu ilikwaruza kwa muda mrefu ndani.

*Nilidhani amenichoka. Mtandaoni watu wanapotea bila kuaga. Wameshanipotea wengi. Nilisubiri. Nilijaza majibu ili wasije wakamtoa, akirudi akute nafasi yake ipo. Yule mtu wa hospitali alipokuja nikajua ni kwa sababu hapokei. Niliogopa kusema tulibadilishana. Nilitikisa kichwa tu, akaandika, akaondoka.*

*Kwa nini Jumamosi na Jumapili uliandika Ndiyo?*

Jibu hili lilikuja haraka.

*Nilikuwa naona kila Jumamosi Hapana, kila Jumapili Hapana. Nikampa na hizo.*

Karatasi iliyofuata ilichelewa, na ilikuwa na neno moja: *Yuko wapi?*

Inspekta hakuiandika hiyo. Aliweka mdomo karibu na mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba Opereta amefariki, kwamba alianguka kwa kiharusi Jumanne usiku au Jumatano alfajiri, na kwamba hakuna aliyemuua.

Gurudumu la cherehani lilisimama. Kitasa kilizungushwa, na mlango ukafunguka kiasi cha uso. Binti alikuwa mwembamba, macho yake yametulia kwenye kifungo cha koti la Inspekta. Midomo yake ilitangulia, sauti ikafuata nyuma, ndogo na kavu.

"Yule mtu alipokuja. Alhamisi. Alikuwa bado hai?"

Koplo, kule sebuleni, aligeukia dirishani.

"Asubuhi yake saa nne alikuwa hai," alisema Inspekta. "Jirani aligonga ukuta, yeye akagonga pia. Mchana sijui. Daktari naye hawezi kuapa. Na hata kama tungemfikia, hajui kama angepona."

"Ningesema."

"Ungesema, tungekwenda."

Shangazi aliinuka kwenye cherehani. "Inspekta, mtoto ni mgonjwa, unamwambia hivyo?"

"Ameuliza, dada. Nikimdanganya leo, kesho atakaa na uongo wangu humo ndani peke yake." Alimgeukia binti. "Nitaandika yote kwenye faili. Nitaandika pia kwamba barua tatu zilikataliwa, kwamba fomu ilikuwa na sura yako na simu ilikuwa na sauti yake, na kwamba watu watatu walijua simu haipokelewi. Wewe ni mmoja kati ya wengi. Siyo wa kwanza, na siyo wa mwisho."

Binti alisimama mlangoni.

"Nani amemchukua?" aliuliza.

"Hakuna. Tumetafuta ndugu siku nne. Kesho kutwa manispaa itamzika."

Aliingia ndani. Inspekta alidhani mazungumzo yamekwisha, akaanza kukusanya karatasi sakafuni. Binti alitoka akiwa amevaa viatu.

Shangazi aliviangalia vile viatu, kisha akaenda kuutafuta mtandio wake bila kusema neno.

*

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali ileile, na saa tisa mchana kulikuwa na foleni fupi. Binti alisimama ukutani, mkono mmoja ndani ya mkono wa shangazi yake. Kila mlango ulipofunguka alifumba macho. Mara mbili shangazi alimuuliza kama warudi nyumbani, na mara mbili alitikisa kichwa.

Mhudumu alikuwa mzee wa miwani aliyeandika polepole. Alitafuta fomu, akapuliza juu yake, akauliza bila kuinua kichwa.

"Anayemchukua marehemu ni nani?"

Inspekta alitaka kujibu, lakini binti alikuwa ameshasogea mbele ya meza.

"Mimi."

"Sauti, mama. Masikio yangu yamezeeka."

"Mimi," alisema binti.

"Wewe ni nani yake? Mtoto?"

"Hapana."

"Mpwa? Mkwe?"

"Hapana."

"Jirani basi."

"Hapana."

Mhudumu aliinua kichwa. Nyuma yao watu wa foleni walikuwa wamenyamaza, wote wakimtazama binti.

"Sasa nikuandike nani? Hapa kuna ndugu, mume, mke, mtoto, jirani. Siwezi kumtoa mtu kwa mtu asiye mtu wake."

"Rafiki," alisema binti. "Andika rafiki yake."

"Rafiki haimo kwenye fomu."

Binti alivuta pumzi, na safari hii sauti yake ilifika hadi mwisho wa foleni.

"Iandike pembeni."

Mzee alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Akaiandika pembeni, juu ya mistari, kisha akaigeuza fomu na kumpa binti kalamu ili atie sahihi.